Mtaka cha Mvunguni: Utetezi wa Gari Kuukuu kwa Anayeanza

Sema mbele ya watu kwamba umeona Suzuki ya zamani inauzwa, ile fupi yenye springi za pati na turubai nyuma, na kwamba unataka kuinunua uitengeneze mwenyewe mpaka iweze kukufikisha Mtae, juu ya milima ya Usambara, wakati wa masika. Majibu yatakuja kabla hujamaliza kueleza. Rahisi ni ghali. Gari la porini ni Land Cruiser. Kazi ya gari mwachie fundi. Na anayekupenda kuliko wote atakuonyesha gari la jirani lililokaa juu ya mawe tangu mwaka juzi, majani yameota hadi kwenye milango, akuambie: hilo nalo lilianza hivyo hivyo.

Maneno haya nimeyasikia miaka mingi, na mengine nimewahi kuyasema mimi mwenyewe. Si maneno ya kipuuzi. Nyuma ya kila moja yuko mtu aliyepoteza fedha zake. Lakini ukiyakusanya pamoja yanazaa ushauri mbaya: kwamba anayeanza asubiri mpaka awe na fedha za gari kubwa, kisha alinunue na kulikabidhi gereji. Mimi nashauri kinyume chake. Anayeanza anunue gari kuukuu, dogo, jepesi, lililoundwa kwa namna nyepesi kueleweka. Alitengeneze kidogo kidogo huku linatembea. Na asilipachike pambo wala kifaa kipya kabla hajalirudishia afya liliyotoka nayo kiwandani.

Jambo hili si starehe ya matajiri. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017, unasimamia mtandao wa barabara za Tanzania Bara wenye zaidi ya kilomita 140,000, na sehemu kubwa ya mtandao huo ni udongo mtupu. Mwenye shamba la tangawizi huko Same, mwalimu aliyepangiwa shule ya mbali, afisa ugani mwenye vijiji sita vya kuzungukia, wote hukutana na swali lile lile kila mvua zinapoanza: nitafikaje? Pikipiki imejibu sehemu kubwa ya swali hilo. Lakini pikipiki haimkingi na mvua mama mwenye mtoto mchanga, wala haibebi magunia manne ya mbolea kwa safari moja. Hapo ndipo gari dogo linalosukumwa na magurudumu yote manne, lile tunaloliita fowili, linapokuwa chombo cha kazi. Kumkatisha tamaa mtu wa namna hiyo kwa methali ni kumnyima njia.

Tuanze na hiyo rahisi ni ghali. Ni neno la kweli kwa kiatu, kwa tairi na kwa spea feki. Kwa gari linapotosha, kwa sababu linatufanya tudhani kwamba mwenye fedha kidogo anachagua kati ya gari bovu la bei ndogo na gari zima la bei kubwa. Hana uchaguzi huo. Fedha zinazonunua Suzuki kuukuu hazinunui Land Cruiser nzima. Zinanunua, zikitosha, Land Cruiser iliyochoka. Uchaguzi wake wa kweli uko kati ya gari dogo lililochoka na gari kubwa lililochoka. Ukiuona hivyo, hesabu inageuka.

Inageuka kwa sababu spea haijui ulinunua gari kwa shilingi ngapi. Shangingi, yaani hiyo Land Cruiser, lililoshuka bei kwa uzee bado linataka shokapu za shangingi, matairi ya shangingi, pampu ya dizeli ya shangingi. Gari limeshuka thamani, lakini vyombo vyake havikushuka nalo. Mwenye gari dogo anabadilisha oili ya injini kwa takriban lita tatu na nusu, ananunua matairi ya inchi 15 yanayopatikana kila mji, na akienda Shaurimoyo au Gerezani jijini Dar es Salaam anarudi na kifaa mkononi badala ya kurudi na nambari ya simu ya mtu anayeweza kukiagiza. Tena Suzuki hizi hazikuachwa yatima na kiwanda. Nchini India, kampuni ya Maruti iliunda ndugu yao, Gypsy, kuanzia mwaka 1985 na kuendelea kwa zaidi ya miaka 30. Gari linaloundwa muda mrefu hivyo huacha spea nyingi duniani.

Kisha kuna tofauti ya kueleweka. Gari la miaka ya 1980 lenye kabureta likigoma asubuhi, linakuuliza maswali matatu: mafuta yanafika? Moto unafika kwenye plagi? Hewa inapita? Kila swali lina jibu unaloweza kuliona kwa macho au kuligusa kwa mkono. Gari la kisasa lenye kompyuta likigoma linawasha taa kwenye dashibodi, na maana ya taa hiyo imo ndani ya mashine ya kupimia ambayo iko mjini. Sisemi kompyuta ni mbaya. Zimepunguza moshi na kuokoa mafuta. Nasema anayejifunza kusoma haanzi na hati ya mahakama.

Wapo wanaosema gari la umri huo halipatikani tena. Ni kweli kwamba Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na kwamba Tanzania hutoza ushuru wa ziada wa uchakavu kwa magari yenye umri mkubwa. Lakini sheria hizo zinamhusu anayeagiza. Gari ninalolizungumzia liko humu humu nchini tayari, limeshalipiwa kila kitu, mafundi wanaijua historia yake, na aghalabu limeegeshwa nyuma ya nyumba ya mzee ambaye watoto wake hawalitaki.

Hata hivyo, methali ile ina haki yake katika mambo mawili, na hapo sitaki mtu anisikilize nusu. La kwanza ni karatasi. Kama jina kwenye kadi ya gari si la muuzaji, au namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma hailingani na ya kwenye kadi, ondoka, hata kama gari linang'aa. La pili ni kutu ya chesisi. Lala chini, chukua nyundo ndogo, gonga taratibu kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Chuma kilicholiwa kinatoa sauti ya debe bovu. Gonga zaidi pale springi za nyuma zinaposhikizwa, na pale bodi inapokaa juu ya chesisi, kwa kuwa hapo tope na maji hujificha. Kama gari limeishi Tanga, Mombasa au Dar es Salaam karibu na bahari, gonga mara mbili, maana chumvi haina haraka lakini haikosi. Land Rover za zamani zinawadanganya wengi hapa: bodi yake ya aluminiamu inabaki safi huku chesisi ya chuma chini yake inaoza. Injini iliyochoka hutengenezwa. Chesisi iliyooza ndiyo rahisi iliyo ghali.

Hoja ya pili inasema porini panataka nguvu, na nguvu ni injini kubwa. Inaaminika kwa sababu magari makubwa ndiyo tunayoyaona yakivuka. Lakini kinacholisogeza gari topeni si injini peke yake, ni gia. Chukua Suzuki SJ413, iliyotoka mwaka 1984 na injini ya lita 1.3. Gia ya kwanza inazidisha nguvu ya kuzungusha ya injini mara 3.65. Gia ndogo ya porini inaizidisha tena mara 2.27. Difu inaizidisha mara 3.73. Zidisha zote tatu utaona kwamba nguvu inapofika kwenye magurudumu imeshakuwa kubwa mara 31 hivi. Ndiyo maana gari hilo hupanda kilima cha mawe polepole kuliko mtu atembeaye, na dereva hana haja ya kukanyaga mafuta kwa hasira. Gia hiyo ndogo ndiyo unayoinunua. Gari lenye sura ya porini lakini halina gia hiyo, kama RAV4, ni gari zuri la barabara ya vumbi, ila silo tunalolizungumza hapa.

Upande wa pili wa hesabu ni uzito. Suzuki hiyo ina kama tani moja. Land Cruiser ya mfululizo wa 80 inazidi tani mbili. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaoganda kwenye tairi mpaka kashata zote zifutike, kila kilo ya ziada inakuzamisha. Na kila gari la porini litakwama siku moja. Siku hiyo, gari la tani moja linatolewa na watu watatu, koleo na ubao wa kuwekea jeki. Gari la tani mbili na nusu linasubiri trekta.

Gari dogo linafundisha pia kitu ambacho nguvu hukificha. Mtu mpya hudhani fowili maana yake ni magurudumu manne yanayovuta daima. Akikwama na kushuka, anakuta mawili tu yanazunguka, moja mbele na moja nyuma, mengine mawili yametulia. Difu ya kawaida haiwezi kulipa gurudumu lililoshika ardhi nguvu kubwa kuliko ile inayopokewa na mwenzake aliyeko hewani. Akishalielewa hilo, anaanza kuisoma njia kwa namna nyingine: anatafuta mahali ambapo magurudumu yote yatabaki chini, anapunguza upepo wa matairi ili yatandazike, anashuka na kupita kwa miguu kabla ya kupita kwa gari. Mwenye injini kubwa hupita sehemu hiyo hiyo kwa kukanyaga mafuta, na hajui amepitaje.

Wanaoshindana kwa magari haya wanalijua jambo hilo. Nchini Kenya, tangu mwaka 1989, hufanyika Rhino Charge, mashindano yanayochangisha fedha za kulinda misitu ya milimani kupitia shirika la Rhino Ark. Mshindi wake si mwenye mbio. Ni yule anayevifikia vituo vyote ndani ya muda uliowekwa kwa kutembea umbali mfupi kuliko wenzake, na timu hutanguliza watu wa miguu kuikagua njia. Huko Chile, tarehe 21 Aprili 2007, Gonzalo Bravo na Eduardo Canales walilifikisha gari mita 6,688 kwenye mlima wa volkano wa Ojos del Salado, juu kuliko gari lolote la magurudumu manne lililokuwa limefika mpaka siku hiyo. Kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, kiko mita 5,895. Gari lao lilikuwa Suzuki ya mwaka 1986. Lilikuwa limefanyiwa marekebisho mengi, na sitamwambia mtu kwamba lililoegeshwa nyuma ya nyumba ya mzee litafika huko. Lakini watu wale walipotafuta gari la kupanda mahali ambapo hapana barabara wala hewa ya kutosha, walichagua dogo na jepesi.

Hoja ya tatu haisemwi kwa mdomo. Tunaipokea kwa macho. Tumezoea kuona magari ya porini yaliyoinuliwa, yenye matairi makubwa, winchi mbele, mkonga wa kuvutia hewa pembeni na mstari wa taa juu ya paa. Anayeanza anaamini kwamba kujenga gari ndiko huko, na fedha zake za kwanza zinakwenda kwenye springi ndefu na matairi mapana. Naliona kosa hili kuwa kubwa kuliko yote, kwa kuwa linaharibu gari lililokuwa zima.

Tupime. Tairi la kiwandani la Suzuki hiyo, 205/70 la inchi 15, lina kipenyo cha milimita 668 hivi. Tairi la inchi 31 lina milimita 787. Tofauti ni milimita 119, na difu inapanda kwa nusu yake tu, yaani milimita 60. Kuinua springi peke yake hakuipandishi difu hata kidogo, kwa kuwa difu inakaa kwenye ekseli, na ekseli inabebwa na tairi. Kinachopanda ni bodi. Kwa ajili ya upana wa vidole vitatu au vinne, umelipa nini? Zile mara 31 za gia zimeshuka hadi 26. Spidomita ikisoma 60, kwa kweli unakwenda karibu 71. Breki ni zile zile za zamani, lakini sasa zinasimamisha gurudumu zito na refu zaidi. Na gari ambalo tangu awali lilikuwa fupi na jembamba sasa limebeba uzito wake juu zaidi.

Hili la mwisho si dogo. Mwaka 1988 jarida la Marekani Consumer Reports liliipa Suzuki Samurai, jina la gari hili hili huko Marekani, alama ya kutokubalika, likisema inapinduka kwa urahisi. Suzuki ilikanusha, ikafungua kesi mwaka 1996, na shauri likaisha kwa makubaliano mwaka 2004. Wataalamu wataendelea kubishana kuhusu majaribio yale. Kwa mwenye gari, funzo halihitaji hukumu: gari fupi na jembamba linataka dereva mpole kwenye kona, na kuliinua ni kuliongezea ubaya uleule lililoshutumiwa nao.

Mkonga nao uko hivyo. Ni kifaa cha maana, hakuna ubishi: injini ikivuta maji inakufa. Lakini mwenye gari la petroli la zamani anayepachika mkonga na kuacha distribyuta bila kinga, iko chini pale pale maji yanapofika, amejenga sura tu. Difu inayotoka barabarani ikiwa ya moto, ikiingizwa ghafla kwenye maji ya mto, inapoa, hewa iliyo ndani inasinyaa, na maji yanavutwa ndani kupitia tundu lake la pumzi. Kipande cha mpira wa mafuta kilichofungwa kwenye tundu hilo na kupandishwa hadi kwenye boneti kinazuia hasara hiyo kwa fedha ya soda chache. Hakionekani kwenye picha, na kwa hiyo hakifanywi.

Utaratibu ninaoutetea ni huu. Kwanza breki, usukani na matairi, maana vikikosa vitakuua wewe au mwenzako. Badilisha mafuta ya breki yote, fungua kila gurudumu, kagua beringi, litikise juu na chini usikie kama linacheza. Pili, maji na oili: safisha rejeta, badilisha hosi zote na beliti, tazama kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba maji yamevuka gasketi. Tatu, umeme: nyaya zilizounganishwa gizani na mafundi watano tofauti ndizo zinazochoma magari. Nne, fowili yenyewe: oili ya difu zote mbili na ya gia ya porini, grisi kwenye krosi za propela, na kuhakikisha inaingia na kutoka, ijaribie kwenye udongo, si kwenye lami kavu, kwa kuwa gari la aina hii halina difu ya kati na lami inaifunga mifumo yake. Tano, vya kujiokolea: koleo, kamba imara, pampu ya upepo, ubao wa jeki, beliti ya akiba, maji ya kunywa. Baada ya hayo yote, likikwama mahali pale pale mara tatu na ukajua kwa nini, hapo ndipo ufikirie tairi kubwa au winchi. Utakuwa unajibu swali lililoulizwa na njia yako mwenyewe.

Hoja ya nne inagusa heshima za watu: kazi ya gari mwachie fundi. Naiheshimu kwa sababu namheshimu fundi. Lakini hoja hii inasahau tulikotoka. Dereva wa lori wa zamani alianza utingo. Alilala chini ya lori kabla hajakaa kwenye usukani, akajua kubadilisha springi iliyokatika katikati ya pori, na ndiyo sababu alifika. Kumtenga dereva na spana ni desturi ya juzi tu, na imetuletea hasara ya pande mbili: mwenye gari anadanganywa kwa kuwa hajui, na fundi mwaminifu anashukiwa kwa kuwa mteja wake hajui.

Anayejifunza mwenyewe hamnyimi fundi ugali. Anampelekea kazi iliyoeleweka. Badala ya kusema gari linalia, anasema linalia upande wa kushoto mbele, nikikata kona kulia, na beringi nimeshaikaza. Fundi mzuri humfurahia mteja huyo. Na mipaka iwepo: kuchomelea chesisi, kupanga meno ya difu, kufungua boksi la usukani, kupasua injini, hizo ni kazi za aliyesomea au aliyekomaa. Wewe kaa pembeni, shika taa, uliza. Oili, plagi, hosi, beliti, bushi, shokapu na nyaya anza nazo mwenyewe. Breki zifanye wewe kwa mkono wako, lakini kwa mara ya kwanza fundi awe amekusimamia na azijaribu kabla hujaingia barabarani. Na usilale kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi au magogo mapana, zuia magurudumu, sukuma gari kwa bega kabla hujaingia. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, hawakusema ajitupe.

Nimeiacha hoja ya mwisho kwa kuwa ndiyo yenye nguvu kuliko zote: lile gari la jirani lililo juu ya mawe. Kila mtaa unalo. Mimi nililimiliki moja. Nilipopata gari langu la kwanza la aina hii nilikuwa na hamu kubwa, na katika siku mbili za mapumziko nikalivua karibu lote: bodi, viti, nyaya, springi, rejeta. Nati na bolti zote nilizitia ndoo moja. Jumapili jioni nilikuwa na fahari ya mtu aliyefanya kazi. Jumatatu sikujua kipi kinaanza. Miezi 14 baadaye gari lilikuwa pale pale, mpira umepasuka kwa jua, silinda za breki zimeganda, na fedha nilizokuwa nimetenga zimekwisha kwenye mambo mengine.

Nililiuza kwa hasara, na kwa muda mrefu nilijiunga na wale wanaosema rahisi ni ghali. Lakini nilipokaa na kulifikiria vizuri, niliona kwamba bei ndogo haikuwa na kosa. Uzee wa gari haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa kulisimamisha. Gari linalosimama linaoza kwa njia ambazo linalotembea halizijui, na mwenye gari lililosimama hapati malipo yoyote kwa jasho lake: hakuna safari, hakuna tofauti anayoisikia kwenye usukani. Hamu inakufa kabla ya fedha.

Gari langu la pili nilijiwekea sharti moja. Kila lililofunguliwa Jumamosi lifungwe kabla ya Jumapili kuisha, na gari litembee. Kama kazi haiwezi kumalizika ndani ya siku mbili, haianzwi mpaka spea zote ziko mkononi. Kila bolti iliingia kwenye mfuko wake wenye jina. Fedha niligawa mafungu mawili: nusu kununua, nusu nyingine kutengeneza, na sikuligusa fungu la pili siku ya kununua hata muuzaji alipobembeleza. Wiki ya breki nililisikia gari likisimama sawasawa. Wiki ya bushi nilisikia usukani ukitulia. Kila wiki ilinilipa ujira wake, na ujira huo ndio ulionifikisha wiki iliyofuata.

Nikiri pia nani asinisikilize. Mwenye gari moja tu la kumpeleka kazini kila siku asilifanye hilo kuwa darasa. Mwenye watoto watano hawezi kuwapakia kwenye Suzuki fupi. Anayesafiri Dar es Salaam hadi Mwanza mara kwa mara atachoka na atajihatarisha, kwa kuwa gari hili halina mifuko ya hewa wala breki za kisasa, na mahali pake ni njia za polepole. Kwa hao, ushauri wa kawaida ni sahihi.

Lakini kwa kijana mwenye akiba ndogo na njia mbaya mbele yake, ushauri wa kawaida umemfungia mlango bila sababu. Akija kwako na habari za gari kuukuu, usimjibu kwa methali. Muulize maswali matatu. Jina kwenye kadi ni la nani? Chesisi umeigonga kwa nyundo? Na Jumamosi hii utafungua nini, ambacho Jumapili jioni kitakuwa kimefungwa na gari linatembea? Akiwa na majibu ya yote matatu, mpe spana, kisha umshikie taa.